Hii alama kwenye komiki za zamani za kutisha ilikuwa ya nini?

Zabibu_AreaC: Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa hapa mjini Dodoma anatandaza vitabu vya mtumba, nimechukua kwake komiki mbili za Kimarekani. Moja ya mwaka 1967 ina kialama cheupe kona ya juu, Comics Code Authority, jalada lina mzimu mkubwa lakini ndani hata tone la damu hakuna. Nyingine ni Tales from the Crypt iliyochapwa upya, haina hiyo alama, na hiyo jana usiku upepo unapiga mabati nimeshindwa kuimaliza. Mbona tofauti kubwa hivi?

Mzee_wa_Katuni: Mkuu hiyo alama ndo iliyozima komiki za kutisha. 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alitoa kitabu kwamba komiki zinaharibu watoto, Seneti ikaitisha kikao New York, William Gaines wa EC, kampuni iliyokuwa inachapa hiyo Tales from the Crypt, akajipeleka mwenyewe kujitetea. Akaonyeshwa jalada lake, mwanaume kashika shoka mkono mmoja na mwingine kichwa cha mwanamke, akaulizwa hii ina staha? Akasema ndiyo, kwa komiki ya kutisha. Basi kesho yake magazeti yakamwandika yeye. Wachapishaji wakaingiwa hofu wakajiwekea masharti wenyewe, mazombi marufuku, vampaya marufuku, na haikuwa sheria ya nchi ila bila hiyo alama wasambazaji hawagusi mzigo wako.

Mama_Wawili: Mimi nawaelewa wale wazazi jamani, hilo jalada la shoka wanangu hawalioni. Ila si wangeandika tu umri wa msomaji?

Mzee_wa_Katuni: Umri sawa kabisa dada, shida mkasi haukuishia kwenye damu. Kuna hadithi ya EC inaitwa Judgment Day, mwanaanga anakagua sayari ya maroboti, wa rangi ya chungwa wanawabagua wa bluu, anawaambia bado hamjafaa kuungana na Jamhuri ya Galaksi, picha ya mwisho anavua helmeti na ni mtu mweusi, jasho linametameta usoni. 1956 walitaka kuirudia, mkaguzi wa hiyo alama akasema asiwe mweusi! Gaines akagoma ikatoka vilevile, na ndo ikawa komiki yao ya mwisho, wakabaki na Mad, ile ya vichekesho, ambayo walishaigeuza jarida.

Zabibu_AreaC: Aisee hiyo imeniuma. Kwahiyo vampaya walirudi lini?

Mzee_wa_Katuni: 1971 masharti yalilegezwa, alama yenyewe imekufa 2011. Ukimaliza hiyo ya Crypt niazime mkuu, nipo Chang'ombe.