Tupeane uzoefu: ulianguka na pikipiki ndani ya eneo la mtu, nani aligharamia?

Habari za jioni ndugu zangu wa Kigoma. Naomba tukusanye hapa visa vya walioanguka na pikipiki ndani ya maeneo ya watu: godauni, gesti, sheli, fremu za biashara. Ukigongwa barabarani trafiki anakuja, anapima, anaandika. Ukianguka uani kwa mtu unapewa pole na maji ya kunawa, basi.

Langu ni hili. Machi mwaka jana nilibeba madumu manne ya mawese kutoka Mwandiga kwenda godauni moja Kibirizi. Ukishaingia getini kuna mteremko wa zege hadi kwenye mizani. Asubuhi hiyo dumu la mtu lilipasuka pale, mawese yakasambaa, na kijana wa mizani aliwaambia wahusika mara mbili wamwage mchanga. Hawakumwaga. Saa nane mchana nikashuka, gurudumu la nyuma likaondoka, pikipiki na madumu yake vikanilalia mguu wa kushoto. Muundi ulivunjika sehemu mbili. Miezi mitano sikukanyaga gia.

Mwenye godauni alinitumia elfu 30 na kauli moja: "Si ulikuwa unaendesha mwenyewe?" Kauli hiyo iliniuma kuliko mguu, maana nilianza kuiamini. Kesho yake zege lilikuwa limeoshwa na mchanga umemwagwa. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ninayo, risiti za hospitali ninazo, picha ya mawese sina hata moja.

Nani yalimkuta?

Dereva wa Gungu
Pole sana kaka. Mimi ni mnyororo. Nilimfikisha abiria gesti saa tano usiku, geti wazi, nikaingia. Natoka, mlinzi ameshafunga mnyororo kati ya nguzo mbili, hakuna kitambaa cheupe wala taa. Ulinikata kifuani, nikaanguka chali, bega likatoka.

Mimi nilibahatika kwa sababu abiria alikuwa bado mapokezi, akapiga picha palepale mnyororo ukiwa juu na taa ya nguzo imezima. Mwenye gesti alipoziona hakubishana. Tukakaa kwa mtendaji wa kata, akalipa hospitali na matengenezo ya foku.

Kosa langu ni karatasi. Niliandikiwa "nimelipwa na sitadai tena", nikasaini siku ya tisa, maumivu yakiwa bado hayajatulia. Mwezi wa tatu bega likatoka tena, daktari akasema upasuaji. Nikarudi, nikaoneshwa saini yangu. Ndugu zangu, msisaini kabla daktari hajasema umepona.

Mama fremu, Mwanga
Naandika nikiwa upande wa pili, mnivumilie. Nina fremu nne. Mbele yake kuna chemba, na mfuniko wa zege ulipovunjika niliweka mbao. Nilijua kabisa kwamba si mfuniko. Mvua za Novemba zikaziozesha, kijana akapaki juu yake, mbao zikakatika, akaingia na pikipiki hadi kiunoni.

Nilitaka kumsukumia mpangaji wangu, kwa kuwa yeye ndiye hufagia pale kila siku. Mume wangu akaniuliza: chemba ni ya nani, na kodi ya uwanja ule anapokea nani? Nikalipa matibabu na siku alizokosa kazi. Mfuniko mpya wa zege wenye nondo ulinigharimu pungufu sana ya nilichomlipa kijana yule. Bado nikipita pale najisikia vibaya.

Mwanasheria, Ujiji
Kaka mwenye uzi, kauli ya "ulikuwa unaendesha mwenyewe" haimalizi habari. Msingi wa madai haya ni uzembe, na umetokana na sheria za Kiingereza zilizopokelewa hapa kwetu kwa kigezo cha tarehe 22 Julai 1920, yaani kama zilivyokuwa zikitumika Uingereza siku hiyo. Anayeshikilia eneo na kuwaruhusu watu waingie kwa biashara anapaswa kuchukua hadhari ya kawaida wasiumie. Swali kubwa huwa: alijua, au alipaswa kujua, kuhusu hatari ile, na alikuwa na muda wa kuiondoa? Kijana wa mizani aliwaambia mara mbili. Huyo ni shahidi wako mkubwa kuliko picha.

Kama ulikuwa kasi au umezidisha mzigo, fidia inaweza kupungua kwa kiasi cha kosa lako, lakini lazima wathibitishe. Na mnyororo usio na alama usiku, yule wa Gungu angekuwa na hoja nzito mno.

Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3, peleka Mahakama ya Wilaya, si ya Mwanzo. Kila shilingi uliyotumia ionekane kwenye risiti. Maumivu hakimu huyakadiria mwenyewe. Eneo likiwa la serikali au halmashauri, utaratibu ni mwingine: notisi ya siku 90 kwanza. Na msitegemee bima ndogo ya pikipiki, inalinda watu wengine, si dereva mwenyewe.

Kijana wa Katubuka
Sisi ni kokoto. Jirani anajenga, amemwaga hadi katikati ya njia ya mtaa, hakuna hata tawi la kuonya. Shemeji yangu alipita alfajiri. Amepoteza jicho. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa mara nne.

Mwenye uzi
Shemeji yako apewe pole zetu, na tafadhali mwone mwanasheria aliyeandika hapo juu, msiishie kwa mwenyekiti.

Nimempata kijana wa mizani. Hayupo tena pale godauni, sasa anapakia dagaa mwaloni hapohapo Kibirizi, kwa hiyo haogopi kufukuzwa. Anakumbuka hata nani alimjibu "tutamwaga baadaye". Kesho saa mbili tunakwenda pamoja kuandika maelezo yake.