Kwa nini maduka ya Kariakoo bado yanajaa ilhali vitenge vinauzwa mtandaoni?

Muulizaji:
Habari zenu, ndugu. Wauzaji wengi wa khanga na vitenge siku hizi huweka picha Instagram, mteja hulipa kwa simu, na bodaboda huleta mzigo hadi mlangoni. Hata hivyo, Jumamosi nilipita Mtaa wa Kongo nikakosa pa kukanyaga kwa wingi wa watu. Ni nini hasa kinachowarudisha dukani?

Mshonaji:
Picha haishikiki. Mimi hulowesha ncha ya kidole, nikasugua kitenge kisha nikagusa leso nyeupe, nione kama rangi inachuja. Halafu hukifumbata ngumini na kukiachia, kwa sababu kilichotiwa wanga mwingi hukakamaa dukani na kulegea mara tu kinapofuliwa. Doti ya khanga nayo sharti ifunguliwe yote, maana pindo la kipande kimoja huweza kuwa limekwenda upande, na upande huo haupigwi picha. Mwaka jana niliagiza doti sita za sare ya harusi kwa kutazama picha tu. Nilitaka manjano ya embe bivu, zikaja za rangi ya samli, na nilipolalamika nikajibiwa kwamba mali ikishauzwa hairudi.

Mwenye duka:
Mshonaji amesema kweli, ingawa wateja wanaojua kukagua namna hiyo ni wachache. Wengi hufuata bei, kwa kuwa dukani bei ni mazungumzo, na anayechukua doti kumi hapunguziwi sawa na anayechukua moja. Wachuuzi wa mikoani wana sababu nyingine, nayo ni mali kauli: humkabidhi mtu mzigo kabla hajalipa kwa kuwa nimemwona akija na kulipa msimu baada ya msimu, na sijui ningeanzaje kumwamini hivyo mtu ninayemjua kwa namba ya simu tu. Mimi pia huweka picha mtandaoni, lakini wanaoziona, kabla hata ya kuuliza bei, huuliza duka liko mtaa gani.

Muulizaji:
Ahsanteni sana. Je, mwenye duka, hukasiriki mteja anapolowesha kitambaa chako?

Mwenye duka:
Sikasiriki, mradi kidole kiwe safi.