Mrejesho: ile ofa ya kurudishiwa pesa ya hoteli

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama ofa ya kadi yangu ya mkopo, ya kurudishiwa asilimia 15 ya gharama za hoteli, ni ya kweli au danganya toto. Ni ya kweli, ila imenitoa jasho.

Safari ya kwanza niliambulia patupu. Ofa niliiwasha mapema kwenye programu ya benki, hapo nilikuwa sawa. Kosa ni kwamba chumba nililipia kwa wakala wa mtandaoni, kwa hiyo kwenye taarifa ya kadi likatokea jina la wakala. Mfumo hauangalii umelala wapi, unaangalia nani kakata pesa.

Safari ya pili nikabuku hotelini moja kwa moja, nilipe siku ya kuondoka. Aliyenishauri hivyo, ubarikiwe. Nilipofika, mapokezi walizuia kiasi fulani kwenye kadi, nikadhani ndiyo malipo yenyewe. Kumbe ni dhamana tu! Kinachohesabika ni makato ya mwisho, tena yaingie kabla ofa haijaisha muda. Mimi niliponea chupuchupu, zilibaki siku 2. Chakula niliomba kiandikwe kwenye bili ya chumba, yakawa malipo mamoja, nikavuka kiwango cha chini cha matumizi ambacho ofa inataka.

Pesa imekuja kama punguzo la deni la kadi, si taslimu. Deni lililobaki nimelilipa lote kwa wakati, maana riba ingemeza faida yote.