Cherehani used: bei ipangwe na hali ya mashine ama na shida ya mwenye kuuza?

Fundi wa Umoja (mwenye mada)

Wadau habari zenu, nataka tujadili hii kitu juu imenikaa kwa roho wiki mbili sasa. Jirani yangu ni fundi kama mimi, anashona yunifomu na mapazia. Bwana yake akalazwa, bili ikapanda, akaamua auze mashine yake ya umeme, zile za kiwandani aina ya Juki, kichwa, meza, stendi na mota, kila kitu. Aliinunua 28,000 miaka 3 imepita, akilipa pole pole na pesa ya chama. Broka akaja na pikapu, akazungusha gurudumu mara mbili, akasema "mathe hii imechoka, nakupa 6", na vile alishaambiwa ni ya hospitali na inatakikana jioni hiyo, hakusonga hata na mia tano. Mama akachukua 6,000. Siku ya tatu naona picha ya mashine ile ile mtandaoni, naijua kwa alama ya pasi iliyochoma meza upande wa kulia, imeandikwa "safi kabisa, bei njoo inboksi". Nikajifanya kastoma. Nikaambiwa 24.

Hajabadilisha kitu, hata ule uzi wa maruni ya yunifomu bado uko kwa sindano kwenye picha.

Sasa nauliza, hiyo ni biashara ama ni kumvua mtu nguo akiwa anazama? Najua wengi watasema bei ni maelewano, willing sijui nini, lakini maelewano ni ya watu wawili ambao kila mmoja anaweza kusema hapana akaenda nyumbani. Huyu mama hangeweza kusema hapana.

Msimamo wangu ni huu. Mashine ikipangiwa bei kuna mambo unaangalia. Mpya ya aina hiyo ni ngapi leo, si wakati ule uliinunua, leo, na mimi nilipoulizia mjini nikaambiwa 36. Halafu unauliza hii iliyo mbele yangu inahitaji nini ndio ishone kesho asubuhi bila kukata uzi, unatoa hiyo. Halafu unaangalia imebakisha kazi ya miaka mingapi. Hizo zote ni za mashine. Hakuna mahali pa kuuliza mwenye kuuza ana mgonjwa ama hana, anaishi wapi, anaongea kizungu ama kikwetu. Ukiingiza hizo umeacha kupima mashine, umeanza kupima mtu.

Na hii ya bei inboksi nayo naichukia kabisa. Nilijaribu na dada yangu, tukamuuliza muuzaji mmoja kuhusu mashine moja siku hiyo hiyo, mimi nikasema niko Dandora, mtaa wa watu wa chini, yeye akasema yuko Kileleshwa, kwa matajiri. Mimi 24, yeye 31. Mashine ni moja!

Semeni, nisaidieni kuelewa.

Broka wa Gikomba

Dada kwanza pole kwa jirani, na mimi si yule broka, nisionekane namtetea. Lakini wacha niseme ukweli wa upande wetu juu hakuna mtu huwa anauandika. Nikinunua mashine kumi, mbili ama tatu hugeuka kuwa za kutoa spea tu, nafungua nakuta shafti imekauka, mtu alishona bila mafuta miezi sita. Hiyo hasara nitaiweka wapi kama si kwa zile zingine saba? Pikapu inalipwa, stoo inalipwa kila mwezi iuzwe isiuzwe, na ukinunua Aprili unaweza kukaa nayo mpaka Novemba watu wakianza kutafuta mashine za yunifomu za Januari. Pesa yangu inalala hapo. Na nilishawahi kununua ya wizi bila kujua, nikalala ndani usiku mmoja, na mashine ikaenda na pesa yangu ikaenda.

Kwa hivyo bei ya kulipwa leo saa hii haiwezi kuwa bei ya kungoja miezi miwili mteja apatikane. Huyo mama angengoja angepata 20 labda. Hakuwa na wakati, na wakati ndio mimi nauza. Lakini 6... hapana, 6 mimi singesema. Hiyo alizidisha.

Fundi mashine, Kariobangi

Mimi nataka kuongea juu ya kile kitendo cha kuzungusha gurudumu mara mbili halafu unasema imechoka. Hiyo sio kupima, na mnunuzi wa mwisho naye pia anadanganywa hivyo hivyo na picha. Mashine za Juki aina ya DDL-8700 zinajipaka mafuta zenyewe, kuna bakuli chini lina alama ya juu na ya chini, na juu ya kichwa kuna kadirisha kadogo ka kuonea. Washa, kanyaga, angalia hapo. Mafuta yakirukaruka pampu inafanya kazi. Kukiwa kukavu na bakuli limejaa, usitoe pesa. Halafu zima, shika mwamba wa sindano, kile chuma kinachobeba sindano, utikise, ukicheza sana jua kuna kazi. Inamisha kichwa uone ile ndoana inayozunguka chini inashika uzi, ncha yake ikiwa imechubuka itakuwa inaruka mshono kila siku na utalaumu sindano bure. Meno ya kuvuta kitambaa uyapapase na kidole, yakiwa laini yamekwisha. Mwisho ushone, na si kale kakitambaa broka amebeba, beba chako, chepesi kimoja halafu jinzi mikunjo minne.

Hii inachukua dakika kumi na tano. Na jina lililoandikwa kwa mkono wa mashine lisikudanganye, kuna za kuiga kibao, na kuna zilizopakwa rangi mpya juu ya kutu. Mimi rangi mpya ikinikaribisha ndio naogopa zaidi.

Kitu kingine watu hawahesabu ni mota. Ile ya klachi ukiwasha swichi inazunguka tu, unapokata kitambaa inazunguka, unapoongea na mteja inazunguka, tokeni za stima zinaisha. Ile ya sevo inazunguka ukikanyaga peke yake. Nimewawekea watu sevo kwa karibu 7,000 na kazi yangu ndani. Kwa hivyo mashine mbili sura moja, mwaka mmoja, zinaweza kupishana 7,000 kwa haki kabisa bila mtu kumwonea mtu.

Kijana wa Luthuli

Mimi nauza vitu used, si cherehani, simu na spika, lakini bei inboksi natumia na nitasema kwa nini. Nikiandika 15 hapo wazi, jirani yangu wa duka anaandika 14,500 ndani ya dakika mbili na picha ni yangu ameiba. Halafu mkenya hata ukimwandikia bei ya mwisho bado atasema "last ni ngapi boss". Kwa hivyo naanza juu. Mkiacha kubagein nitaandika bei, naapa.

Mama wa Yunifomu, Kayole

@Kijana wa Luthuli si kweli, mimi naandika bei kwa ukuta, sketi ni hii, sweta ni hii, na wazazi wamezoea. Wanaouliza last nawaambia angalia ukuta. Miezi ya kwanza nilipoteza wateja nikakaribia kulia, sasa wanatuma mtoto peke yake na pesa kamili juu wanajua hatalanguliwa. Wewe huwezi kutuma mtoto Luthuli.

Mwanafunzi wa sheria, Parklands

Niongeze kidogo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji kuzihusu. Na Sheria ya Uuzaji Bidhaa, Sura ya 31, inaweka jukumu la ubora kwa yule anayeuza hizo bidhaa kama biashara yake. Kwa hivyo broka na mama mwenye mashine moja hawako sawa mbele ya sheria, broka akiandika "safi kabisa" ajue ameongea kitu kizito. Lakini hapo hapo sheria inasema kama ulikagua mwenyewe, kasoro ambayo ukaguzi wako ungepaswa kuiona huwezi kuja kuilalamikia baadaye, kwa hivyo zile dakika kumi na tano za fundi zina maana mbili, usikague kwa kujifanya.

Kuhusu 6,000 hakuna sheria naijua ya kumshika mtu kwa kununua rahisi kwa mtu aliye na haraka. Hapo mnabaki na dhamiri tu.

Mzee wa Jericho

Vijana wangu, mimi nimekaa karibu na Uhuru Market miaka mingi, nimeona mafundi wakinunua na kuuza, na nataka niseme kuna uonevu wa upande wa pili pia. Watu wananiletea Singer nyeusi ya miguu ya nyanya yao, wanataka elfu 80, eti ni orijino ya Scotland. Kile kiwanda cha Clydebank kilifungwa 1980. Kwa hivyo kama ni ya huko kweli ina zaidi ya miaka 40, hiyo ni umri, si dhahabu, na zilitengenezwa kwa mamilioni. Namba iliyochorwa kwenye chuma cha chini, kwa nyingi inaanza na herufi, ukiifuatilia unajua ni ya kiwanda gani na mwaka gani, hakuna haja ya kubahatisha.

Na tafadhali acheni ile hadithi ya zebaki nyekundu, kile kitu cha uvumi eti kina thamani kubwa ajabu. 2009 kule Saudi Arabia uvumi ulienea kwamba ndani ya Singer za zamani kuna hiyo zebaki, watu wakanunua mashine kuukuu kwa maelfu ya riyali, na hakukuwa na kitu ndani. Mpaka leo napigiwa simu na mtu anaitaka ya "kipepeo" anilipe milioni. Fundi aliye na Singer nzuri anakataa kumuuzia kijana anayeanza kazi kwa 9,000 juu anangoja milioni ambayo haiji, na mashine inaoza chini ya kitanda.

Fundi wa Umoja (mwenye mada)

Asanteni, nimesoma zote, mzee wangu shikamoo. @Broka wa Gikomba nakubali hiyo ya hasara na stoo, sikuwa naihesabu, na hata hiyo ya polisi. Basi tuihesabu hapa hapa wazi. Mpya 36. Ya miaka 3, inashona, mota ni ya klachi. Mimi naona anayeinunua kwa kazi yake akitoa 20 hajaonewa na hajaonea. Toa pikapu, toa stoo, toa zile mashine zako za spea, toa faida yako ulishe watoto. Unafika ngapi? Juu mimi kila nikitoa sifiki 6, hata nikikuonea huruma kiasi gani.

Na ile ya kusema unauza wakati, sawa, wakati uuzwe. Lakini utaje. Sema "mathe, mashine yako ni ya 20, mimi nachukua leo na pesa mkononi kwa hivyo nakata hii na hii". Akitaka kungoja angoje, asipotaka anajua ameuza nini. Yule aliyekuja aliambia mama mashine imechoka. Mama amelala wiki mbili akiamini kazi yake ya miaka 3 ilikuwa takataka, mpaka mimi ndio nilimwonyesha ile picha.

Broka wa Gikomba

14. Nimepiga mara mbili. Ikiwa mafuta yanaruka kwa kadirisha na ndoana haijachubuka, ningempa 14 siku hiyo hiyo na bado ningebaki na kitu.

Fundi wa Umoja (mwenye mada)

Bili iliyokuwa imebaki siku hiyo ilikuwa 11,500. Iliyopungua alikopa kwa shailoki, wale wa kukopesha kwa riba kubwa, na bado analipa.

Nimeangalia leo asubuhi, mashine bado inauzwa. Wameshusha ni 22.

Fundi mashine, Kariobangi

Niandikie ni wapi. Jumamosi niko huru baada ya saa sita, tutaenda na huyo mama, nitabeba jinzi yangu.