Juisi inayumba kila dakika tatu, nifungue nini kwanza?

msoma_geji:
Wakuu, habari za usiku. Niko zamu, kiwanda cha sukari, upande wa vipimo na udhibiti. Wiki ya pili sasa mtiririko wa juisi mbichi inayokwenda tangi la chokaa unapanda na kushuka kila baada ya dakika tatu hivi. pH nayo inayumba kwa mwendo uleule, na presha ya mvuke wa hita vilevile. Mtu wa chokaa ananilaumu mimi, mimi namlaumu mtu wa boila, na mtu wa boila hapokei simu.

Nimepunguza kwa nusu geini (ukali wa kujibu kosa) ya kontrola ya mtiririko, kile kifaa kinachoiamrisha vali ya juisi. Wimbi halikuisha. Limerefuka tu, sasa ni kama dakika tano, na kimo chake kiko palepale. pH na mvuke navyo vikahamia dakika tano. Meneja anataka tununue kontrola mpya. Nianzie wapi?

waya_mwekundu:
Rudisha geini ilivyokuwa, halafu fuata kanuni za Ziegler na Nichols za kupanga kontrola, hatua kwa hatua. Mbona rahisi.

mstaafu_wa_karatasi:
Kanuni za Ziegler na Nichols ni za 1942, na zimenilisha miaka mingi kwenye kiwanda cha karatasi. Ila zinadhani vali inatii amri. Msoma geji, umeshajijibu bila kujua: umegusa kontrola moja, na vipimo vyote vitatu vikabadili mwendo. Basi chanzo kiko kwenye mzunguko wa mtiririko. Boila mwache alale.

Nahisi vali inanata. Kontrola inaona juisi pungufu, inaongeza amri kidogo kidogo, lakini shina, fimbo inayofungua na kufunga vali, limeshikwa na pakingi, ile mikanda inayolizunguka kuzuia uvujaji. Amri inarundikana mpaka shina linaruka na kupitiliza. Sasa kontrola inaanza kurudisha, na shina linanata tena upande wa pili. Weka grafu mbili pamoja. Amri ikiwa na umbo la paa la nyumba na mtiririko ukiwa na kona kama boksi, ni vali. Zote zikiwa laini kama mawimbi ya bahari, hapo geini ndiyo ya kushukiwa.

Profesa Nina Thornhill wa Imperial College London ameshughulikia sana jambo hili la wimbi moja kuenea kiwanda kizima. Mwaka 2005 alichapisha njia ya kutafuta chanzo kwa kupima ni wimbi la kipimo kipi lililopinda zaidi, maana matangi na mabomba hulainisha kona kadiri wimbi linavyosafiri. Ni kama mtu anayetwanga: ukiwa karibu unasikia mchi ukigonga kinu, ukiwa mbali unasikia mdundo tu. Naye Tore Hägglund wa Lund, Sweden, alionyesha mwaka 1995 jinsi kompyuta inavyoweza kuvizia mawimbi haya yenyewe. Kila kipimo kinapovuka kiwango kilichopangwa, inajumlisha kosa, yaani umbali wa kipimo na kiwango hicho, tangu kilipovuka mara ya mwisho. Makosa makubwa yakifuatana mara nyingi, inakuamsha. Sisi tulisubiri mteja alalamike.

Usinunue kitu. Mwambie opereta kwanza, kisha itoe kontrola kwenye otomatiki, uishike kwa mkono. Juisi ikitulia, pandisha amri ya vali nusu asilimia, subiri, panda tena. Awepo mtu pale chini anayelitazama shina kwa macho yake.

msoma_geji:
Shikamoo mzee. Nimefanya saa kumi alfajiri. Kwa mkono juisi ilitulia palepale, pH ikafuata baada ya robo saa. Nikapanda nusu, moja, moja na nusu, mpaka tatu: kimya. Ilipofika tatu na nusu, kijana niliyemweka chini akapiga kelele "imeruka!"

Upepo unaoisukuma vali uko sawa, na pozishena, kifaa kinacholipeleka shina pale amri inapotaka, haina tatizo. Pakingi ndiyo imekazwa kupita kiasi, na sukari imegandia kwenye shina. Aliyeikaza ni mimi, wiki mbili zilizopita, ilikuwa inavuja na bosi alikuwa anapita.

waya_mwekundu:
😂😂 Nafuta maoni yangu.

mstaafu_wa_karatasi:
Marahaba. Juisi hiyo bado haijapashwa moto, kwa hiyo weka pakingi ya teflon, grafiti inabana shina zaidi. Na usiifungue laini ikiwa na presha. Mwisho rudisha geini yako ya zamani, haikuwa na kosa.

msoma_geji:
Tunasimama Jumapili kusafisha, nitaibadilisha hapo. Meneja bado anaulizia bei ya kontrola.