Korti ya mateja hapa Malindi, tuitake ama tuiache?

Jamani nianze mimi. Kijana anashikwa Maweni na kete moja ya unga (heroini) mfukoni, asubuhi yuko kortini, anakiri haraka ndio yaishe, akitoka gerezani anarudi maskani ileile. Marekani walianza Miami 1989 na korti ya mateja peke yake na leo ziko zaidi ya 3,000. Badala ya jela anapewa matibabu lakini kila mara anasimama mbele ya hakimu yuleyule, anapimwa mkojo, na kabla hajaingia wakili na kiongozi wa mashtaka na mtu wa probesheni washakaa meza moja wakamjadili. Akiruka kliniki analala ndani siku mbili tatu. Akimaliza, na ni mwaka hivi ama zaidi, kwingi kesi inafutwa. Mimi naitaka.

Mama wa Shela: Mwanangu wewe hujaibiwa bado. Mimi wameng'oa mabati ya choo, juzi sufuria ya pilau imekwenda. Sasa mnataka hakimu awapigie makofi?

Aliyeanzisha: Shikamoo mama, pole. Makofi wanapigiwa kweli kule, wakitimiza masharti. Lakini huyo wa sufuria ukimfunga miezi mitatu si atarudi kuchukua kifuniko?

Jirani wa kliniki: Mnasahau methadoni, ile dawa teja anapewa badala ya unga. Hapa hospitali ya Malindi ipo tangu 2015, mtu anakunywa kila siku mbele ya muuguzi. Kule Marekani korti kadhaa zilikuwa zinaikataza eti bado ni ulevi, na mtu ukimkatizia akarudi kwenye unga anakufa chap, mwili ushapoteza uzoefu wa kile kipimo cha zamani. Halafu korti nyingi unakiri kosa kwanza ndio uingie, ukianguka hukumu inakungoja. Mtu ana arosto, yale maumivu ya kukosa unga, anatetemeka pale kizimbani, anajua anakiri nini? Hata sheria yetu ya dawa za kulevya ya 1994 inamruhusu hakimu kuamuru sehemu ya kifungo ikaliwe kituo cha kurekebisha, haya niambieni hapa wangapi mmeona wakipelekwa.

Aliyeanzisha: Basi iwe sharti, methadoni haiguswi na anayelala selo aletewe dozi yake hukohuko. Kukiri kwanza mimi sitaki, kesi isimamishwe tu, akimaliza ifutwe. Na mama alipwe sufuria yake, hilo nalo liandikwe. Wakili yeyote humu atuambie, mahakama inaweza kuanzisha hii yenyewe ama mpaka Bunge?