Tupeane uzoefu: hela ya ukarabati inatoka nje, nyumba ipo Kigoma. Bajeti yako ilitobokea wapi?

MwanaUjiji

Wakubwa shikamooni, wadogo habari za leo. Najua hatuko wachache humu: mwenye hela yuko nje ya nchi, nyumba iko huku, na katikati yupo ndugu anayesimamia mafundi. Mimi ndiye huyo wa katikati. Naomba tuambiane ukweli. Ulianza na ngapi, ukaishia na ngapi, na kilichokuzidi ni nini. Hata aliyekarabati nyumba ya hukohuko nje namkaribisha.

Nyumba yetu ni ya mama, ipo Ujiji, vyumba vinne na ukumbi. Marehemu baba aliiezeka mwaka 1988. Dada yangu yuko Muscat. Alipokuja likizo akakuta maji yanadondoka juu ya kitanda cha mama, mama ameweka beseni, akasema hapana, tunafumua bati zote. Tukakaa na fundi barazani: bati za msauzi geji 28 (ndiyo unene wake), kofia za kufunika kilele cha paa, misumari, rangi ya nje, ufundi. Jumla milioni 6 na laki 4. Dada akakubali, akarudi kazini.

Mafundi wakapanda Jumatatu. Kufika saa nne fundi mkuu akaniita nipande ngazi. Akachukua bisibisi, akaigusa papi, ile mbao inayopigiliwa bati, ya tatu kutoka ukutani, ikazama mpaka kwenye mpini. Kwa nje ile mbao ilikuwa nzima kabisa. Ndani mchwa walikuwa wamebakiza ganda jembamba na udongo. Tukaenda papi kwa papi, kenchi kwa kenchi (zile fremu za mbao zinazobeba paa). Kwenye kenchi 9, za kurudisha juu zilikuwa 2. Na mchwa walipanda kupitia ndani ya ukuta, ule ukuta ni wa tofali mbichi, kwa hiyo ukibadilisha mbao bila kutibu chini umewaandalia chakula kipya.

Sasa mnione nampigia dada. Bati ziko chini, mvua za Oktoba hizo zinakuja, na nataka milioni 3 na laki 8 juu ya zile: mbao zilizotiwa dawa, dawa ya kuzungushia msingi, maturubai ya kukodi. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mdogo wangu, hizo mbao zilikuwa hazionekani siku ile tunapiga hesabu?"

Hakunitukana. Lakini usiku ule sikulala, maana nilielewa kilichokuwa nyuma ya swali. Asubuhi nikamrekodi fundi akizamisha bisibisi kwenye kenchi moja baada ya nyingine, nikamtumia dada ile video bila kuandika neno. Akapiga simu analia, akatuma hela.

Tulimaliza kwa milioni 10 na laki 9. Mkijumlisha mtaona kuna laki 7 nyingine. Hiyo ni maji ya kujengea, chai na chakula cha mafundi, bodaboda za kufuata misumari, makato ya kutoa hela kwenye simu, na gari la kubeba vifusi. Hakuna hata kimoja tulichokiandika pale barazani. Kilichoniokoa ni daftari: kila elfu mbili ina tarehe.

Ningejua, ningemlipa fundi nusu siku apasue dari sehemu tatu, achome kila mbao, ndipo tukae na kalamu.

Binti_Mwanga

Pole sana kaka, na hongera kwa kusimama na mama. Yangu ni kinyume na yako. Nyumba ni fleti yangu, ipo Leipzig, Ujerumani, na aliyeniokolea bajeti ni baba, yuko Mwanga hapo Kigoma. Amefanya kazi karakana ya reli miaka mingi.

Fleti ina mita za mraba 54, jengo la enzi za Ujerumani Mashariki. Nilitenga euro 15,000 kwa jiko, bafu, madirisha, sakafu ya mbao na rangi. Baba akasema nimzungushe kwa simu ya video chumba hadi chumba. Jiko hakulitazama. Akaniuliza, "Mwanangu, nyuma ya huo ukuta kuna nini?" Nikasema sijui. "Basi usinunue rangi. Mwite fundi umeme afungue soketi moja."

Fundi akafungua. Waya za aluminiamu, kama ilivyo kwenye majengo mengi ya Mashariki ya wakati ule. Waya wa namna hiyo hulegea kwenye maungio, na panapolegea panapata moto. Huwezi kuunganisha jiko jipya la umeme juu yake halafu ukalala usingizi. Kubadilisha umeme wote, kuchimba kuta na kuziba lipu, kukaomba euro 7,000. Nusu ya hela yangu karibu inaondoka kabla sijagusa bafu. Na bei ile aliyonitajia kwa mdomo ilikuwa bila kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Ujerumani ni asilimia 19. Yaani euro 1,330 juu yake. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa fundi yeyote ni kama bei yake ina kodi ndani.

Madirisha nikayafuta. Kule kwenye jengo la fleti, madirisha na mabomba yanayopanda ghorofa hadi ghorofa ni mali ya wenye fleti wote. Mpaka mkutano upige kura. Sakafu nikaiahirisha.

Kwa mlioko Ujerumani, hili lishikeni. Kwa nyumba unayoishi, ofisi ya kodi hukupunguzia kodi kwa asilimia 20 ya gharama za ufundi, vifaa havihesabiwi, na mwisho ni euro 1,200 kwa mwaka. Sharti uwe na ankara na ulipe kwa benki. Ukilipa taslimu hawakutambui. Kwa hiyo kazi ya umeme niliilipia Novemba, ya bafu Januari, nikapata nafuu ya miaka miwili tofauti.

Baba hadi leo kila Jumapili ananiuliza kama soketi zinapata joto. Nazigusa moja moja, namwambia zimepoa.

Mtoto wa Kasulu

Nachangia kwa ufupi, thamani ya hela. Mdogo wangu yuko Marekani. Tulipiga bajeti Agosti 2024, dola ikiwa karibu shilingi 2,700. Akasema atatuma mwisho wa mwaka. Desemba dola ikawa inacheza kwenye 2,400. Dola zake 5,000 zilezile zikapungua kama milioni moja na nusu, na dukani saruji ilikuwa bei ileile. Andikeni bajeti kwa shilingi, na vitu visivyooza kama bati na nondo nunueni hela inapofika.

Mzee wa Katonga

Wanangu, marahaba. Kijana wangu yuko Kanada. Mwaka 2019 alinitumia hela nikaitengeneza nyumba yangu ya karibu na ziwa, vigae ndani, rangi nzuri, ukuta mbele. Hesabu ilikwenda sawa, hatukuzidisha hata laki. Halafu Tanganyika likaanza kupanda. Maji yaliingia uani kwanza, nikayaona kila asubuhi yamesogea hatua moja, mbili. Ukuta ukayanywa kutoka chini, rangi ikavimba malengelenge mpaka usawa wa dirisha. Wenzangu wa Kibirizi nao yaliwakuta.

Aliponipigia swali lake la kwanza lilikuwa, "Baba, umelala wapi?" Mungu ambariki.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inasema shughuli za kudumu zisifanyike ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sisi tulikuwa tunaisikia kama maneno ya watu wa ofisini. Kama nyumba ya mzazi wako iko bondeni kule, pimeni mita kwanza, tena mpime kutoka pale maji yalipofika mwaka yalipopanda sana.

Unyanyembe

Nipo Tabora, jirani zenu. Nyumba ya shangazi, hela ya binti yake aliyeko Uingereza. Tatizo letu lilikuwa vigae. Eneo lote mita za mraba 96, fundi akakadiria boksi moja mita mbili, akaagiza boksi 48. Vigae vya sentimita 40 kwa 40, boksi la vipande 12, linafunika mita 1.92. Tukapungukiwa karibu mita nne, na hapo sijataja vya kukata kwenye kona wala vilivyovunjika njiani kutoka Dar. Tuliporudi dukani rangi ile imekwisha, iliyopo imekolea zaidi. Kona ya ukumbi wa shangazi ina vigae vya rangi nyingine, na ndipo anapoketi kila siku. Zidisheni asilimia 10 tangu mwanzo. Sisi tulitakiwa kununua boksi 55.

MwanaUjiji

Nimewasoma wote, na nimempelekea dada. Mzee wangu wa Katonga, pole sana.

Sasa amesema tutengeneze jiko la nje, mama anapikia moshi. Jumamosi fundi anakuja kuchimba pembeni ya msingi na kuchoma mbao zote kwa bisibisi, elfu 30 ya siku hiyo dada ameshatuma. Yeye atakuwa kwenye video saa mbili asubuhi ya huku, kwake ni saa tatu. Bei bado hatujaulizana. Binti Mwanga, naomba umuulize mzee wako: ukuta wa tofali mbichi ukitaka kupitisha waya wa umeme mpya, anaupitishia wapi ili mchwa wasiufuate?